Ndege ya Mirihi Iliyotua Uani kwa Mzee Kombo

Haya, nitasema. Mmeniuliza tangu juzi, siku ile mliponionyesha kwenye simu kile kihelikopta kidogo kilichopelekwa sayari ya Mirihi kikaruka chenyewe bila rubani, nyie mkashangilia na mimi nikanyamaza nikaomba maji ya kunywa, mkadhani presha imepanda. Haikuwa presha, ilikuwa haya. Mimi mnayeniona hapa, mwalimu mstaafu niliyerudi mtaani na mvi zangu, niliwahi kurusha ndege ya Mirihi kutoka kiwanja cha mpira cha shule ya msingi hapa hapa mtaani Mabawa (ndiyo, Mabawa, najua, watu wameshacheka vya kutosha), na nikaumbuka mbele ya mtaa mzima kiasi kwamba mpaka leo kuna wazee nikipita barazani kwao wanajilaza chali na kufumba macho ili kunitania. Mke wangu anayajua yote, yuko huko ndani anasikiliza, kwa hiyo sina wa kumficha.

Nyie hamkuiona miaka ile. Ilikuwa miaka ya shida, nguo tulifulia majani ya mpapai, betri za redio tulizianika juani kama dagaa ili zipate nguvu kidogo, na sukari ilikuwa ya foleni, na foleni yenyewe hukupanga wewe, ulipanga jiwe lako mbele ya duka la ushirika, ukaenda kuswali alfajiri, ukarudi ukakuta mtu asiye na haya amelisogeza nyuma. Hapo ndipo nilipomjua Zaina binti Kombo. Jiwe lake lilikuwa jirani na langu, na asubuhi hiyo kulikuwa bado na kiza kidogo, tumesimama tu tunasubiri duka lifunguliwe, akaniuliza:

"Mwalimu, ile nyota kubwa vile inaitwaje?"

Nikamwambia ile si nyota, ile ni Zuhura, ni dunia kama hii yetu, na wiki ile ile nilikuwa nimesikia kwenye redio moja ya nje iliyokuwa ikitangaza kwa Kiswahili kwamba wataalamu wameangusha puto huko, halina mtu, halina kamba, likawa linaelea peke yake ndani ya mawingu ya Zuhura likituma habari za joto na upepo, mpaka betri yake ikaisha.

"Halafu likawaje?"

"Likanyamaza."

"Kwa hiyo liko huko huko?"

"Huenda."

"Maskini," akasema, tena kwa huruma kabisa, utadhani anasikia habari za mtoto wa jirani aliyepotea sokoni. Basi mimi nikampenda hapo hapo kwa neno hilo moja, na sukari siku hiyo haikuja.

Toka hapo nikawa naamka kwenda foleni hata siku ambazo nyumbani tuna sukari. Sijui kama mtanielewa. Miaka ile kijana ulitamani kila kitu, unatamani viatu, unatamani sabuni yenye harufu, lakini mimi kulikuwa na tamaa nyingine ambayo sikuweza kumwambia mtu, ya kwenda mbali, mbali kabisa, huna nauli ya Korogwe lakini moyo wako uko Mirihi. Zaina peke yake ndiye aliyekuwa akiniuliza maswali. Nikamweleza kwamba kule Mirihi hewa ni nyembamba mno, puto halitafaa, itabidi iwe ndege ndogo, nyepesi, yenye mabawa marefu, na zaidi ya yote haiwezi kuongozwa kutoka hapa, kwa sababu ukiiambia kata kulia, maneno yako yanasafiri dakika nyingi njiani, yakifika imeshajipiga mlimani. Kwa hiyo lazima ijiamulie yenyewe. Yeye akasikiliza, akafunga kanga yake vizuri, akaniuliza ikiona kitu kizuri huko itamwambia nani. Nikasema itatuambia sisi. Akasema basi sawa, isije ikakaa nacho peke yake.

Sasa Mzee Kombo, baba yake, alikuwa mfanyabiashara wa nazi, mtu wa heshima, msafi, kila baada ya muda alikuwa anakwenda Mwera huko Pangani kununua nazi, anakaa siku mbili tatu, anarudi na mzigo wake. Nilipoanza kumzungukazunguka kwa salamu (shikamoo asubuhi, shikamoo jioni, shikamoo nyingine tukikutana msikitini), hakuwa mjinga, alijua nataka nini. Siku moja akaniambia taratibu, "Mwalimu Hemedi, nyie walimu ni watu wazuri, lakini hamna kitu cha kuonyesha. Seremala anaonyesha mlango, mvuvi anaonyesha samaki. Wewe ukija hapa utanionyesha nini?"

Neno lile lilinichoma. Nikamjibu, kwa kiburi cha ujana, kwamba siku ya wazazi shuleni aje, ataona. Akacheka, akasema atakuja. Mimi nikaenda nyumbani nikiwa nimeshaahidi kitu ambacho hakipo.

Nikaanza kuunda. Mabawa nilitumia njukuti za makuti, zile njiti zake ngumu, na karatasi za mifuko ya saruji, nikazigandisha kwa uji wa muhogo. Mkia na usukani wake nilitumia bati la kopo la mafuta. Na ubongo, maana ndege ya Mirihi lazima iwe na ubongo, ulikuwa saa ya mezani ya kengele, ile ya ofisini kwa mwalimu mkuu, ambayo niliiazima kwa ruhusa ya mdomo tu. Kama mnazijua saa zile za zamani, kengele ikilia ule ufunguo wa nyuma unazunguka wenyewe. Basi nikafunga kigwe kutoka kwenye ufunguo mpaka kwenye usukani wa mkia, ili kengele ikifika wakati wake, ufunguo uzunguke, kigwe kivute, usukani ukate, na ndege igeuke kurudi kiwanjani yenyewe, bila mtu kugusa. Wallahi nilipoijaribu mezani na usukani ukakata, nilikaa chini nikacheka peke yangu kwa furaha.

Tatizo likawa kiwiliwili. Saa ile inahitaji kufunikwa vizuri isiingie vumbi (Mirihi kuna vumbi, nilisoma), na kitambaa hakuna, madukani hakuna, Muheza hakuna, kwa Wahindi hakuna, hata wale waliokuwa wanakipata kwa mlango wa nyuma walikuwa wanaogopa kukionyesha. Nikamlalamikia bibi yangu mzaa mama, ambaye nilikuwa naishi kwake. Bibi akaingia ndani, nikasikia sanduku linafunguliwa, akarudi na bafta nyeupe safi iliyokunjwa, inanukia kafuri na udi.

"Chukua hii."

"Bibi, hii si sanda yako?"

"Ndiyo yenyewe. Mimi sifi wiki hii."

Wazee wa wakati ule, hasa wakati wa shida, sanda waliiweka mapema, kwa sababu ilikuwa aibu kubwa mtu afe halafu watoto waanze kuzunguka mjini kutafuta kitambaa. Bibi alikuwa na yake toka zamani, na kila baada ya Ramadhani aliifukiza udi upya. Akanipa kwa sharti moja tu, nisiikate wala nisiichome sindano, maana anataka irudi nzima. Nikakubali. Kwa hiyo nikaifanyaje? Nikaizungusha kwenye kiunzi cha mianzi, nikaikaza vizuri, nikaifunga kwa vile vitambaa vyembamba alivyokuwa navyo vya kufungia, kimoja kule kichwani, kimoja kiunoni, kimoja kule miguuni, yaani mkiani. Nyie mnacheka. Mimi sikuona. Nilikuwa nimekiangalia kitu kile siku nyingi kama ndege, na mtu ukishakiona kitu kuwa ndege hukioni tena kingine.

Mwenzangu Mwalimu Mbwana, Mdigo mmoja mcheshi tuliyekuwa tukifundisha pamoja, ndiye aliyekuja kuitazama siku moja kabla. Aliizunguka mara mbili, akakuna kichwa. Hakusema habari za sanda (baadaye aliniapia kwamba aliona, lakini alidhani ndiyo mtindo wa huko kwenye sayari). Alichosema ni hiki: "Hemedi, funga uzi. Mrefu, mwepesi, ushike wewe. Hata tiara la mtoto lina uzi."

"Na Mirihi nani atashika uzi?"

"Hapa si Mirihi, hapa ni Mabawa."

"Mbwana, ikiwa na uzi itakuwa tiara. Mimi nimeahidi ndege inayojiamulia."

Hapo, jamani, hapo ndipo nilipokosea. Uzi wenyewe nilikuwa nao, uko mfukoni, na ningeufunga yote yasingetokea, leo mngekuwa mnaniuliza habari nyingine kabisa.

Siku ya wazazi ikafika. Turubai limefungwa, watoto wameimba, mwalimu mkuu amehutubia mpaka watu wamesinzia, na Zaina amekuja na wenzake, amevaa kanga mpya sijui aliipata wapi, amesimama mbele kabisa. Mzee Kombo hayupo. Nikauliza, nikaambiwa amekula mchana akashiba, amejilaza kidogo uani, atakuja baadaye. Nikangoja. Jua likaanza kushuka, wazazi wakaanza kuaga, mwalimu mkuu akanikonyeza kwamba kama kuna kitu kifanyike sasa. Nikaona haidhuru, Zaina ataona, atamsimulia baba yake.

Kombeo tulilifunga kwenye magoli, mipira ya ndani ya baiskeli iliyounganishwa, tukaivuta na Mbwana mpaka mikono ikauma. Nikaitegesha saa, nikasema bismillahi, tukaachia.

Iliruka. Naomba mlijue hilo, maana watu wakisimulia mkasa huu hulisahau. Iliruka vizuri kabisa, ikapanda juu ya goli, ikapata upepo, ikanyooka, nyeupe, mabawa yake yanatikisika kidogo, na kiwanja kizima kikainua macho. Nilimtazama Zaina, naye alikuwa hatazami watu, anaitazama ndege mdomo wazi, na nikahisi ile tamaa yangu yote ya miaka imetoka kifuani na iko kule juu inakwenda, na si mimi peke yangu ninayeiona. Nimeishi miaka mingi baada ya pale, nimeoa, nimepata watoto, namshukuru Mungu, lakini sijawahi kuhisi vile tena. Kisha nikaanza kungoja igeuke. Haikugeuka. Ikapita juu ya mwarobaini, ikapita juu ya bati la ofisi, ikaendelea tu kuelekea kwenye nyumba za watu, na kengele ya saa hata haijasikika.

Zaina akanigeukia. "Mwalimu," akasema, "njia ile ni ya kwetu."

Yaliyotokea kule nilihadithiwa baadaye, lakini nimehadithiwa na watu wengi kiasi kwamba ni kama niliona. Mzee Kombo alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha kamba chini ya mstafeli wake uani. Ndege ikaja, ikajipiga kwenye mstafeli, mabawa yakang'oka yakabaki yamenasa juu kwenye matawi, na kiwiliwili peke yake kikashuka taratibu, kikatua kitandani ubavuni pake. Mzee akafumbua macho. Ubavuni pake kuna kitu cheupe, urefu wa mtoto mdogo, kimeviringishwa bafta, kimefungwa kichwani, kiunoni na miguuni, kinanukia kafuri na udi, na hakuna mtu aliyekileta. Mngekuwa nyie mngefikiri nini?

Alipiga ukelele mmoja tu, wanasema, halafu akatulia. Mke wake Bi Mwanajuma akatoka jikoni, akakiona, mwiko ukamdondoka. Majirani wakaingia. Hakuna aliyethubutu kukigusa. Mtu mmoja akasema huenda ni sanda imeteremshwa, mwingine akasema asiseme hivyo, wa tatu akaanza kusoma Yasini. Mzee Kombo mwenyewe ndiye aliyekata shauri. Akasema, "Imekuja na imekuja kwangu," akaomba ageuzwe kuelekea kibla, na akaanza kuomba radhi kwa watu mmoja mmoja, kama inavyotakiwa.

Mimi nikafika hapo. Nimekimbia, jasho linanitiririka, nyuma yangu Mbwana, nyuma yake Zaina, na nyuma yake nusu ya shule, na nilipofika mlangoni mwa ua nikakuta wanawake wamejitanda, mzee amelala anaangalia kibla. Nikadhani imemwua. Wallahi nilidhani ndege yangu imempiga kichwani imemwua, nikashikilia mwimo wa mlango. Ningesema neno moja tu yangeishia hapo, sikuweza.

"Niwieni radhi," mzee alikuwa anasema. "Niliyemdhulumu nazi anisamehe. Niliyemsengenya anisamehe. Mwanajuma, mke wangu, unisamehe kwa yote."

"Nimekusamehe, baba Zaina," Bi Mwanajuma akajibu huku analia.

Na hapo ndipo saa ikaamua kulia. Humo humo ndani ya sanda. Kengele ya ofisini, mnaijua sauti yake, ilikuwa inaamsha shule nzima, na kile kitu cheupe kikawa kinatetemeka pale kitandani kwa kengele. Watu wengine walitokea mlango wa mbele, wengine waliruka ukuta. Mzee Kombo, naye ameona muda umekwisha, akasema upesi upesi, kwa sauti ambayo jirani wa nyumba ya tatu aliisikia:

"Mwanajuma, nina mke Mwera. Nina watoto wawili, wa kike na wa kiume. Ni wa halali. Wasidhulumiwe mirathi yao. Ashhadu an la ilaha illallah."

Kengele ikaendelea, ikapungua, ikagugumia, ikanyamaza. Mzee akangoja. Sote tukangoja. Hakufa.

Sasa hapo mtu mwenye akili angerudi kinyumenyume akaenda zake. Mimi nikaingia. Nikainama, nikasema, "Shikamoo mzee. Samahani. Naomba ndege yangu."

Akanigeuzia macho polepole. "Ndege?"

"Ndege ya Mirihi, mzee." Na nikaanza kueleza. Msiniulize kwa nini, mtu akishikwa na fedheha hushika kile anachokijua, na mimi nilijua kufundisha, basi nikasimama pale mbele ya kitanda cha mtu anayekata roho nikawasomesha watu sayansi, hewa nyembamba, maneno yanayochelewa njiani, ubongo wa saa, nikaonyesha na kigwe. Mabawa yalikuwa yananing'inia juu ya mstafeli, nikayaonyesha pia. Mbwana alikuwa ananivuta kanzu kwa nyuma, mimi naendelea.

Mzee Kombo akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo sana, "Kwa hiyo sifi?"

"Hufi, mzee. Inshallah. Si kwa hii."

Bi Mwanajuma alikuwa ameacha kulia. Alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akaokota mwiko wake, akasema, "Majirani, ahsanteni, nendeni makwenu. Kombo, amka ukae kitako. Kumbe una muda."

Sijawahi kuona ua ukaachwa wazi upesi vile. Nilibeba ndege yangu kifuani, na niliposhika njia ya kwetu watu walikuwa wananipisha na kusimama kwa heshima, maana toka mbali walidhani nimebeba maiti ya mtoto, na mimi sikuwa na nguvu ya kumwambia kila mmoja. Bibi aliposikia alicheka mpaka akalala chini. Akaifua sanda yake, akaianika kwenye kamba ya nguo, na siku mbili hizo hakuna mtu aliyepita kwenye uchochoro wetu.

Mtaa ulikuwa na la kusema kwa miezi. Mbwana ndiye aliyetangaza kwamba ndege ya Hemedi ni ya kwanza duniani kugundua kitu, wazungu wanatafuta maji kwenye sayari, yeye amegundua mke wa pili. Watoto darasani nikigeuka kuandika ubaoni walikuwa wanaigiza kengele. Yote hayo niliyavumilia, kwa sababu lililokuwa linaniuma lilikuwa moja tu, nitampataje Zaina sasa.

Wazee wangu walikwenda na posa baada ya mambo kupoa kidogo. Mzee Kombo aliwapokea vizuri, akawasikiliza, halafu akajibu hivi, nililetewa neno kwa neno: "Kijana simchukii. Lakini mkwe ni mtu wa kumwona kila Idi, na mimi kila nikimwona nitakumbuka nilivyolala pale. Naona tuache."

Wazee wakasema tutapumzika, halafu tutarudi. Mimi nikakataa. Mbwana akaja nyumbani, akakaa mkekani, akaniambia, "Hemedi, wewe mtoto wa hapa. Posa haijibiwi siku moja. Lazima wakutie uzito kwanza, wakuzungushe kidogo."

"Huyu hakujibu kwa desturi," nikamwambia. "Amenijibu kwa sababu. Sababu anayo, na wewe uliiona."

Haya ilinizidi. Nikaomba uhamisho, nikapewa shule moja Muheza huko kwenye machungwa. Wiki yangu ya mwisho Zaina alikuja mpaka kwenye ua wa michongoma wa shule, saa ya mapumziko, akaniita. Alisema amekwenda Mwera na mama yake, mama ndiye aliyetaka, amekwenda kuwaona.

"Nina ndugu, mwalimu," akasema. "Yule wa kiume amefanana na mimi mpaka anavyokunja uso. Miaka yote hii nilikuwa nataka kaka, kumbe yupo."

Nikamwuliza habari za Mwera, njia ikoje, nazi zikoje. Akanijibu. Kisha akasimama tu, hasemi, haondoki, anachuma vijani vya michongoma anavitupa. Nilidhani anaona vigumu kuniaga, nami nikaona nimrahisishie, nikamwambia nenda salama, msalimie mzee. Akanitazama kidogo, akasema haya.

Baada ya hapo nchi ikageuka. Ikaja miaka ya ruksa, madukani kukajaa, mitumba ikamwagika, kitambaa cha kila rangi, bafta ukitaka robota zima unauziwa. Mimi niko Muheza, nimeoa, mke mwema, anayenijua na kunivumilia (naomba lisikike huko ndani). Nikasikia Zaina naye ameolewa, Pangani, kwa watu wa upande wa mama yake mdogo, yule wa Mwera. Nikasema alhamdulillahi, na kwa siku kadhaa nikawa sili vizuri.

Kisha ikaja habari kwamba Mzee Kombo amefariki, kweli sasa. Nikapanda gari asubuhi nikawahi maziko. Nilipopita uani niliwaona wajane wake wawili wamekaa mkeka mmoja, wa mjini na wa Mwera, wamejifunika, mmoja amemshikilia mwenzake. Makaburini aliyeshuka mwanandani kumpokea alikuwa yule kijana wa Mwera, na ni kweli, alikuwa amekunja uso kama Zaina. Hakuna aliyeuliza huyu ni nani. Mtaa mzima ulimjua kwa jina.

Tuliporudi matangani Zaina akaja kunisalimu. Amenenepa kidogo, macho yamevimba kwa kulia. "Mwalimu Hemedi," akasema, "safari hii ni kweli." Tukacheka, Mungu atusamehe, msibani, tumeziba midomo. Mimi nikaona sasa tumekuwa watu wazima, nikamwambia kwamba mzee alikuwa na haki kunikataa, sikuwahi kumlaumu.

Akanishangaa. "Kukukataa? Hakukukataa."

"Wazee walikuja, Zaina."

"Walikuja mara moja. Walipotoka mama alimwuliza baba, mbona umemfukuza kijana wa watu? Akasema sijamfukuza, nimemtilia uzito, alinilaza mimi kibla nikiwa mzima, acha na yeye ahangaike kidogo, wakirudi nitawapa. Aliagiza na buni kutoka Lushoto ya kuwapokea. Ilikaa kwenye kopo mpaka ikaota ukungu."

Nikavua kofia yangu nikaishika mkononi.

"Nilikuja pale shuleni," akasema. "Nikasimama. Nilidhani utaniambia wanarudi lini. Ukaniuliza bei ya nazi." Hakulisema kwa hasira. "Ramadhani ikapita, Idi Kubwa ikapita, ndipo nikakubali wale wengine. Wao walikuja mara tatu."

Kisha mume wake akamwita, mtu mpole, tulipeana mkono, wakaenda kushughulikia chakula cha wageni.

Basi ndiyo mkasa wenyewe, na ndiyo maana juzi niliomba maji. Sikuomba kwa sababu ya sanda wala kengele, yale nimeshayacheka mimi mwenyewe. Mimi niliapa njiani nikirudi Muheza siku ile ya maziko, na kiapo changu nimekishika. Kijana yeyote wa ukoo wangu akipeleka posa akakataliwa, navaa kanzu mimi mwenyewe narudi, na nikikataliwa tena nabadilisha kofia narudi. Mwezi uliopita nilikuwa Chumbageni kwa ajili ya mpwa wangu, mara ya nne sasa, baba wa binti akanifungulia mlango, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Mwalimu, hivi wewe huchoki?"

Nikamwambia nilichoka mara moja, zamani.